Je, Wajua? Tairi, Jiwe na Upepo Katika Kitui na Makueni

Mwenye gari la 4x4 anayetaka kupanda korongo la mawe nyuma ya Mutomo, au kuteremka kutoka uwanda wa Yatta hadi ukingoni mwa mto Athi, hutegemea matairi manne tu kuigusa ardhi. Wengi huchagua tairi kwa macho: kubwa, jeusi, lenye meno ya kutisha. Safu hii yashika njia nyingine. Tutaanza na jiwe, tufuate ubavu na upepo, ndipo tuingie dukani.

ARDHI KWANZA

Je, wajua kwamba mawe mengi yanayochomoza Kitui yana umri unaozidi miaka milioni 500? Ni naisi, sehemu ya mkanda mkubwa wa miamba wa Msumbiji unaopita Afrika Mashariki. Uso wake una chembe kubwa, na ukiwa mkavu hushika mpira vizuri mno. Juu ya jiwe hilo, tairi linaloweza kujikunja lina faida kuliko tairi gumu lenye meno marefu.

Je, wajua kwamba Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, halipandwi kwa gari? Masimulizi yasema anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia, na wageni hufika kileleni kwa ngazi ya chuma. Liacheni kwa watembea kwa miguu. Ukambani kuna njia za mawe za kutosha kwa magari.

Je, wajua kwamba uwanda wa Yatta ni mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani? Una urefu wa takriban kilomita 290. Jiwe lake huitwa fonolaiti: gumu, na likivunjika huacha kingo kali. Anayetoka Kibwezi kwenda Mutomo huvuka Athi kisha huupanda uwanda huo. Akiiacha lami na kufuata vijia vya pembeni, kingo hizo ndizo zitakazoupima ubavu wa tairi lake.

Je, wajua kwamba vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni na Kajiado, ni volkano changa? Milipuko ya mwisho ilitokea katikati ya karne ya 19. Lava ya umri huo bado haijalainishwa na mvua, nayo hukwangua mpira vibaya. Ndani ya hifadhi ya taifa, hata hivyo, kuiacha njia iliyoruhusiwa ni marufuku, uwe na tairi la namna gani.

Je, wajua kwamba katika Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei? Msimu huo udongo mwekundu hupakwa juu ya mawe na kila tairi linalopita, na jiwe lililokuwa salama Septemba huteleza Novemba. Safari ya kiangazi na safari ya mvua si za tairi moja.

UBAVU

Je, wajua kwamba kwenye mawe tairi hufa ubavuni kabla ya kufa usoni? Sehemu inayokanyaga ina mpira mnene na mikanda ya chuma. Ubavu hauna mikanda hiyo, maana kazi yake ni kunepa. Gari likiteleza kando kwa sentimita chache tu, ncha ya jiwe hukuta mahali pembamba kuliko pote. Dukani, uliza habari za ubavu kabla ya habari za meno.

Je, wajua kwamba idadi ya tabaka za nyuzi zilizomo imeandikwa kwenye tairi lenyewe? Tafuta maandishi madogo ubavuni. Hapo pametajwa tabaka za uso na tabaka za ubavu, na kama ni za polyester, nailoni au chuma. Matairi mengi ya magari madogo yana tabaka moja au mbili ubavuni; baadhi ya yale ya mawe yana tatu. Hizo ndizo tabaka za kuhesabu.

Je, wajua kwamba "plai 10" haimaanishi tabaka 10? Zamani, nyuzi zilipokuwa za pamba, plai zilihesabiwa kweli. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu: herufi C husimama badala ya plai 6, D badala ya 8, na E badala ya 10. Tairi la E linaweza kuwa na tabaka mbili tu ubavuni. Muuzaji akikutajia plai, mwombe akuonyeshe maandishi ya tabaka.

Je, wajua kwamba tundu la ubavuni halizibiki kwa usalama? Fundi wa pancha anaweza kuziba tundu la msumari usoni na likadumu. Ubavu hunepa kila mzunguko, na kiraka huachia kidogo kidogo. Tairi lililopasuka ubavuni likikufikisha nyumbani polepole, lishukuru na ulistaafishe.

Je, wajua kwamba baadhi ya matairi yana meno hadi ubavuni? Si pambo. Tairi lililopunguzwa upepo hutanuka, na sehemu ya juu ya ubavu huanza kugusa jiwe. Meno hayo hupata mshiko kwenye ukuta wa korongo, na unene wake hukinga nyuzi zilizo chini.

Je, wajua kwamba tairi la radiali, yaani lenye herufi R katikati ya namba zake, lilipewa hataza na Michelin mwaka 1946? Nyuzi zake hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, hivyo ubavu hunepa bila kuuvuta uso. Tairi la nyuzi za mshazari ni gumu zaidi ubavuni, na wapo wapanda mawe wanaolipenda mpaka leo, lakini kwenye lami hupata joto na kutetema. Kwa gari linalotoka Wote hadi mawe na kurudi siku hiyohiyo, radiali ndiyo chaguo la busara.

Je, wajua kwamba mafundi wa akala, yaani kandambili za tairi, huijua tofauti hiyo kwa kisu? Tairi lenye mikanda ya chuma huwapa taabu kulikata. La nyuzi za nailoni hukubali. Ukitaka kuona tabaka za tairi zilivyopangwa, kipande kilichokatwa kwa ajili ya kandambili kitakufundisha kuliko picha ya tangazo.

UPEPO

Je, wajua kwamba kupunguza upepo hukupa mshiko zaidi kuliko kununua tairi kubwa? Hesabu ya msingi ni hii: eneo linalogusa ardhi ni uzito uliogawanywa kwa upepo. Gurudumu lililobeba kilo 600 kwa psi 36 hukanyaga takriban inchi 37 za mraba. Kwa psi 18 eneo hilo hukaribia maradufu. Ugumu wa ubavu hupunguza faida hiyo kidogo, lakini bado ni kubwa, nayo haina bei.

Je, wajua kwamba alama ya tairi lililopunguzwa upepo hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka? Tairi huwa na mguso mrefu wa mbele na nyuma, na meno mengi zaidi hushika kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu tairi jembamba kiasi, likipunguzwa vyema, hupanda jiwe ambalo tairi pana lililojazwa pomoni hushindwa nalo.

Je, wajua kwamba kuna mpaka wa kupunguza? Upepo ndio unaolibana tairi kwenye rimu. Kwa rimu ya kawaida, wengi huanzia psi 18 na husita kushuka chini ya 15. Karibu na 12 na chini yake, kona moja kali yaweza kulichomoa tairi. Wapanda mawe wa mashindano hutumia rimu zenye bangili ya chuma inayolifunga tairi kwa boliti, ndiyo maana huweza kushuka hadi tarakimu moja.

Je, wajua kwamba tyubu na upepo mdogo havipatani? Tairi likipungua upepo huweza kuteleza juu ya rimu wakati gari linavuta kwa nguvu. Tyubu hufuata tairi, vali hubaki kwenye tundu la rimu, na shingo ya vali hukatika. Magari mengi ya kazi vijijini bado yana tyubu. Wenye magari hayo wapunguze kwa kiasi.

Je, wajua kwamba adui wa tairi lenye upepo mdogo ni joto? Kunepa huzalisha joto, na mwendo huliongeza. Psi 18 ni za mwendo wa kutambaa na wa njia mbaya, si za kukimbia. Ukifika kwenye lami ya Kitui, simama ujaze kabla ya kuongeza gia. Asiyebeba kompresa asipunguze kitu.

Je, wajua kwamba upepo huongezeka takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopanda? Tairi lililopimwa alfajiri huko Ikutha litasoma zaidi saa nane mchana bila mtu kuligusa. Pima likiwa baridi. Na ukilikuta limepanda kwa sababu ya joto la safari, usilipunguze: likipoa litakuwa pungufu.

Je, wajua kwamba milima nayo hubadilisha usomaji wa geji? Kila mita 1,000 unazopanda, hewa ya nje hupungua nguvu kwa karibu psi 1.5, na geji huonyesha ongezeko la kiasi hicho. Atokaye tambarare za Kibwezi kwenda vilele vya Mbooni ataliona. Kwa anayecheza kati ya psi 15 na 18, tofauti hiyo si ndogo.

NAMBA NA UKUBWA

Je, wajua kwamba 7.50R16 na 265/75R16 yana kimo karibu sawa? Yote mawili hukaribia milimita 805. La kwanza ni lile jembamba lililozoeleka kwenye Land Cruiser za kazi; la pili ni pana. Ukihama kutoka moja hadi jingine unaongeza upana, huongezi kimo. Kwenye kijia chembamba chenye mawe pande zote, upana huo ni ubavu zaidi uliowekwa hatarini.

Je, wajua kwamba tairi lililozidi inchi 2 kwa kimo huliinua gari inchi 1 tu? Nusu ya ongezeko iko chini ya ekseli, nusu iko juu. Hata hivyo inchi hiyo ni ya thamani, kwa kuwa tairi ndilo pekee linaloiinua difu yenyewe. Springi ndefu huinua bodi na kuiacha difu palepale.

Je, wajua kwamba tairi kubwa huudanganya mshale wa mwendo? Ukitoka inchi 31 hadi 33, mshale ukisoma 80, gari linakwenda karibu 85. Nguvu ya kuvuta nayo hupungua kwa takriban asilimia 6, hasara inayoonekana hasa pale unapotaka gari litambae. Mwenye injini ndogo na atafakari hilo kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba namba ndogo baada ya saizi hutaja uzito? 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi. 121 ni kilo 1,450. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Mzigo huo ni kwa tairi lililojazwa sawasawa. Lililopunguzwa haliwezi kubeba kiasi hicho, basi shusha mizigo ya paa kabla ya kupanda mawe.

Je, wajua kwamba mlima wenye chembe ya theluji uliochorwa ubavuni ni alama ya majaribio ya kwenye theluji? Kitui na Makueni haina kazi. Usiilipie zaidi.

Je, wajua kwamba tairi lina tarehe ya kuzaliwa? Fuata herufi DOT mpaka tarakimu nne za mwisho: 2321 ni juma la 23 la mwaka 2021. Umri hukausha mpira hata ukiwa stoo. Tairi lenye meno mapya na nyufa ndogo ubavuni limezeeka, na muuzaji anayelifuta vumbi hawezi kulirudishia ujana.

MENO

Je, wajua kwamba meno marefu yenye nafasi pana yalibuniwa kwa ajili ya matope? Nafasi hizo hutema udongo kila tairi linapozunguka. Kwenye naisi kavu, kinachoshika ni mpira wenyewe, na nafasi tupu haigusi kitu. Tairi la njia zote lenye ubavu imara linatosha kwa mawe mengi ya kiangazi. La matope hustahili bei yake Novemba, na pale ambapo kingo za mawe zinahitaji jino la kuzidaka.

Je, wajua kwamba mikato myembamba juu ya jino huongeza mshiko kwenye jiwe lenye unyevu? Kila mkato ni ukingo mmoja zaidi, na hulifanya jino liwe laini. Ikizidi, jino hukatika vipande juu ya mawe makali. Kwa fonolaiti ya Yatta, chagua meno mazito yenye mikato michache.

Je, wajua kwamba kokoto iliyonasa kati ya meno huweza kuchimba hadi kwenye mikanda ya chuma? Matairi mazuri yana vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoisukuma nje. Yasipokuwa navyo, bisibisi na dakika chache jioni vitafanya kazi hiyo.

MIIBA, MCHANGA NA MAJI

Je, wajua kwamba miiba ya Ukambani ni sababu tosha ya kubeba vifaa vya pancha? Mwiba wa mgunga huweza kupita mpira mnene usoni. Mbaya zaidi ni tawi kavu lililolala njiani, kwani huchoma ubavuni. Kwenye kichaka, usiongeze upana wa tairi ukazidi upana wa bodi: kinachotokeza ndicho kinachochomwa.

Je, wajua kwamba mto wa mchanga hutaka upepo mdogo kuliko jiwe, lakini haudai meno? Katika Thwake, Kaiti au Tiva wakati wa kiangazi, meno makubwa huchimba na kulizika gari. Tairi lililopunguzwa huelea juu ya mchanga. Ingia kwa mwendo mmoja, usifunge breki ghafla, wala usizungushe magurudumu yakichimba.

Je, wajua kwamba mchanga huo ni tangi la maji la wananchi? Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni huhifadhi maji kati ya chembe, na familia huchimba visima humo kiangazi. Vuka mahali pa kuvukia, mbali na ukuta wa bwawa na visima. Gari linalovuja oili lisiingie kabisa.

Je, wajua kwamba hakuna tairi linaloushinda mto uliofurika? Tairi kubwa limejaa hewa, na hewa huelea. Maji ya sentimita 60 yaendayo kasi huweza kulibeba gari kubwa. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lilisombwa na mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Maji yakiwa mekundu na yanakwenda, ngoja.

MBIO NA MWENDO WA KUTAMBAA

Je, wajua kwamba mwaka 1953 ndipo mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalipoanza Afrika Mashariki, na ndipo pia huko California, Marekani, wenye Jeep walipofanya msafara wao wa kwanza wa kila mwaka katika njia ya mawe ya Rubicon? Huku dereva alisifiwa kwa kasi, kule kwa utulivu. Mchezo wa kupanda mawe umerithi utulivu huo: mwendo wake mara nyingi ni wa mtu anayetembea.

Je, wajua kwamba Kenya ina shindano lake ambamo tairi hupimwa kweli? Ni Rhino Charge, lililoanza 1989. Magari hupewa saa 10 kufikia vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kwa hivyo madereva hukata moja kwa moja juu ya mawe na makorongo badala ya kuzunguka. Fedha huenda kwa Rhino Ark, shirika lililoanzishwa 1988, na ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa umeme wa Aberdare, takriban kilomita 400, uliokamilika 2009.

DUKANI

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kutengeneza matairi yake? Kiwanda cha Firestone Nairobi, kilichoanzishwa 1969, kilikuja kuitwa Sameer Africa, na matairi yake ya Yana yalienea nchini. Uzalishaji humo ulisimama 2016. Tairi jipya unalonunua leo limevuka bahari, kwa hiyo kusoma tarehe yake ni jambo la lazima.

Je, wajua kwamba seti ya kupanda mawe ni matairi matano? Spea yenye kimo tofauti hulazimisha difu kufanya kazi isiyokwisha, na kwenye gari linalovuta magurudumu yote muda wote huweza kuiharibu. Bei ya tano ikikushinda, shuka saizi moja ununue matano yanayolingana.

Je, wajua kwamba rimu ya chuma hupinda na hunyosheka kwa nyundo, ilhali ya aluminiamu huweza kupasuka? Kilomita nyingi kutoka kwa fundi, ile inayonyosheka ndiyo yenye thamani.

Na je, wajua mpangilio wa kutumia pesa yako? Kwanza geji ya kuaminika na kompresa. Pili ubavu wenye tabaka za kutosha. Tatu tarehe ya karibuni. Nne spea inayolingana. Tano meno yanayofaa msimu wako. Kimo kije mwisho, na kije tu kama difu yako imekuwa ikigusa jiwe. Anayefuata mpangilio huo ataipanda Yatta kwa gari la kawaida, na atashuka nalo matairi yote yakiwa mazima.